Je, Wajua? Frais, Bourse na Njia ya Mtoto wa Kabimba Kufika Chuoni

Je, wajua kwamba mtoto wa Kabimba, mji wa Kongo ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, anayetafuta chuo kikuu cha serikali karibu na nyumbani hutazama kwanza Kalemie? Huko ndiko kuliko UNIKAL, chuo kilichoanza kama tawi la Chuo Kikuu cha Lubumbashi kabla hakijajitegemea. Zamani kijana wa ziwani aliyetaka shahada alifunga mzigo kwenda Lubumbashi, mamia ya kilomita kusini, na wengi walioshindwa safari hiyo walikomea kwenye diploma ya Serikali. Chuo kikisogea karibu, nauli isiyolipwa ni bourse, yaani ufadhili, ambayo hakuna aliyeisaini.

Safu ya leo ni ya mzazi anayebeba mifuko ya saruji, ya mama anayeanika ndagala ufukweni, na ya mtoto wao mwenye asilimia nzuri asiye na frais, yaani ada.

Je, wajua kwamba watoto walioingia darasa la kwanza Septemba 2019, mwaka ambao serikali ya Kongo ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, watafanya mtihani wa Serikali mwaka 2031 wakienda bila kurudia darasa? Hesabu ni nyepesi: miaka 6 ya msingi na 6 ya sekondari. Katiba ya 2006, ibara ya 43, ilikwisha sema kwamba shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ni ya bure, lakini ilichukua miaka 13 kwa maneno hayo kufika darasani. Sasa kuna kizazi kizima kinachopanda ngazi ambacho wazazi wake hawakuwahi kulipa minervali (ada ya masomo) ya msingi, na wengi wao hawataweza kulipa ya chuo kikuu. Vyuo vimebakiwa na miaka michache tu ya kujiandaa.

Na je, wajua kwamba ubure huo unakoma mlangoni mwa sekondari? Kutoka hapo mzazi hulipa mpaka mwisho.

Waulize wanafunzi wa UNIKAL au wa Lubumbashi, watakuhesabia kwa vidole: kuna ya kujiandikisha, kuna minervali, kuna frais za akademiki, kuna za mitihani, kuna silabi za kila profesa, kuna za stage, na mwishoni kuna za kutetea kazi yako mbele ya jopo. Mzazi wa kijijini huambiwa kiasi kimoja mwezi wa kwanza, akauza mbuzi, akashusha pumzi. Halafu kijana anapiga simu: kuna nyingine.

Kila mwaka Wizara ya Elimu ya Juu hutoa waraka uitwao Instruction académique, unaopanga kalenda ya masomo na kanuni za ada. Ni waraka wa wazi. Mzazi anayeusoma, au anayemwomba mwalimu wa jirani amsomee, hujua kipi ni ada halali na kipi ni mchango uliobuniwa korido. Nashangaa kwamba waraka huu husomwa na kamati za wanafunzi na wakuu wa vyuo, lakini haubandikwi sokoni wala parokiani, mahali ambapo wanaolipa wenyewe hupita.

Je, wajua kwamba kwenye promosheni nyingi mtu muhimu kwa mwanafunzi maskini ni mwanafunzi mwenzake? Ni chef de promotion, yule CP. Ndiye anayekusanya pesa za silabi, ndiye anayejua profesa gani anaweza kusubiri na yupi hasubiri, ndiye anayepeleka majina. CP mwema humwachia asiye na kitu apige picha kurasa kwa simu ya rafiki. Mfumo mzima wa msaada wa masomo, kwa mamia ya wanafunzi, umekaa juu ya roho nzuri ya kijana mmoja wa miaka 22. Haufai kuachwa hivyo.

Je, wajua kwamba ada nyingi za vyuo vya Kongo hutajwa kwa dola huku mvuvi akiuza samaki kwa franga? Franga ikishuka kati ya Oktoba na Machi, deni la mwanafunzi hupanda bila chuo kuongeza hata senti. Anayelipa sehemu ya kwanza mapema huokoa kitu. Anayengoja mpaka mitihani ikaribie hulipa kwa bei ya siku hiyo.

Unga mweupe! Msomaji wa Tanzania au Kenya huenda hajui: matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, waliofaulu Kongo humwagiwa poda kichwani na kuzungushwa mtaani kwa nyimbo. Mtihani huu, Exetat, umekuwapo tangu miaka ya 1960, na matokeo yake siku hizi hutafutwa kwa simu kwa kutuma namba ya mtahiniwa. Furaha ya poda hudumu siku mbili, tatu. Baada ya hapo nyumbani huanza kikao cha familia, na ajenda ni moja.

Je, wajua kwamba kuna ufadhili wa Kongo unaoangalia moja kwa moja alama za Exetat? Unaitwa Excellentia, wa taasisi ya mke wa rais, Denise Nyakeru Tshisekedi, na ulianza 2019. Huwachukua waliong'ara kitaifa na kuwasomesha ndani na nje ya nchi. Ni jambo jema, na kila mwalimu wa humanités (sekondari ya juu) Kabimba angepaswa kulijua. Lakini bourse ya walio juu kabisa ina tabia yake: huelekea zaidi kwa shule zenye maabara, maktaba na walimu waliokamilika. Aliyepata asilimia 65 kwenye shule isiyo na darubini hata moja huenda ana kichwa kuliko wa asilimia 80 wa shule ya mjini, ila orodha haina safu ya kuandika hilo.

Wengine wameona tatizo hili. Uganda ilianza 2005 kutenga sehemu ya nafasi za ufadhili wa serikali kwa kila wilaya, ili Karamoja isishindanishwe na Kampala kwenye mstari mmoja. Makerere nayo, tangu 1990, iliwaongezea wasichana pointi 1.5 wakati wa kuingia. Watu walinung'unika, wengine bado wananung'unika. Idadi ya wasichana ilipanda.

Je, wajua kwamba mmea wa porini ulichangia kuzaa bourse ya Kongo? Mwanakemia Gerhard Bringmann wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, alitumia miaka mingi kuchunguza mimea inayotambaa ya jamii ya Ancistrocladus, akitafuta dawa za malaria. Utafiti huo ulimkutanisha na misitu ya Kongo na wasomi wake. Pamoja na mwanakemia mwenzake wa Kinshasa, Virima Mudogo, alianzisha BEBUC, mpango wa bourse za ubora kwa vyuo vikuu vya Kongo. Wanaochaguliwa hupimwa tena kila mwaka, na lengo ni kumsukuma mtu kutoka masomo ya mwanzo mpaka udaktari, ili Kongo ipate maprofesa wake. Hapa kuna fundisho la kazi: hawakumpa mtu pesa ya mwaka mmoja na kumuaga.

Turudi ziwani, kwa maana hapa ndipo historia ilipo nene kuliko watu wanavyodhani.

Je, wajua kwamba padri wa kwanza Mkatoliki wa Kongo ya Wabelgiji alisomeshwa kwenye ufukwe huu huu wa Tanganyika, bure? Stefano Kaoze, Mtabwa wa Marungu, aliingia seminari ndogo ya Mpala ilipofunguliwa 1899. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walimlisha, wakamlaza, wakampa vitabu. Alipadrishwa tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, mahali tunapopaita leo Kirungu, Moba. Kutoka 1899 mpaka 1917 ni miaka 18. Fikiria ni familia gani ya Marungu ingeweza kulipa miaka 18 ya shule. Hata kabla ya kupadrishwa alikwisha andika kwa Kifaransa juu ya fikra za watu wake, na maandishi hayo yalichapishwa Ubelgiji kuanzia 1910, ndiyo maana wengi humtaja kuwa miongoni mwa waandishi wa kwanza kabisa wa Kongo. Alifariki 1951.

Na mbele ya Mpala, ng'ambo ya maji, kuna Karema ya Tanzania. Hapo alifanya kazi Adrien Atiman, ambaye stori yake ni ndefu kuliko ziwa lenyewe. Alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, akauzwa, akakombolewa na wamisionari huko Sahara. Kardinali Lavigerie alikuwa amefungua Malta, mwaka 1881, chuo cha kuwafundisha vijana Waafrika waliokombolewa utabibu pamoja na ukatekista. Atiman alisoma huko kwa gharama ya kanisa, akafika Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu mpaka alipokufa 1956. Zaidi ya miaka 60 ya kazi kwa ada ya mwanafunzi mmoja! Wenye kampuni wanaouliza faida ya kumsomesha mtoto wa maskini wamsome Atiman kwanza. Kwa kweli wamisionari walikuwa na masharti yao, na aliyelipiwa alitakiwa awatumikie. Masharti hayo hayajatoka duniani: bourse nyingi za leo bado huuliza utamfanyia nani kazi.

Nje ya seminari, Mkongo wa kwanza kupata diploma ya elimu ya juu Ubelgiji alikuwa Paul Panda Farnana, mwaka 1907, katika kilimo. Wa kwanza asiye padri kutoka na shahada ya chuo kikuu huko, Thomas Kanza, alingoja mpaka 1956. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza nchini, kilifunguliwa 1954. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi yenye mamilioni ya watu ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30.

Wasiofika thelathini. Basi moja lingewatosha wote.

Je, wajua kwamba Patrice Lumumba hakuwahi kusoma chuo kikuu? Elimu yake ya kazi aliipata kwenye shule ya posta, Léopoldville. Lakini chuo cha Moscow kilichoanzishwa 1960 kusomesha vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini bila ada kilipewa jina lake 1961. Jina liliondolewa 1992, likarudishwa 2023.

Je, wajua kwamba bourse imewahi kumwaga damu Kinshasa? Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana wakidai posho iongezwe na sauti yao isikike katika uongozi wa chuo. Jeshi lilifyatua risasi. Serikali ilitaja maiti wachache, wanafunzi walisema ni wengi zaidi. Miaka miwili baadaye, walipowakumbuka wenzao, Mobutu aliwaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi kwa maelfu, na mwaka huohuo wa 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, kilichodumu mpaka 1981. Wazee waliosoma enzi zile watakuambia kwamba posho ilikuwapo, chakula cha mkahawa kilikuwapo, na kitanda kwenye home kilikuwapo. Uchumi wa Zaïre ulipoanguka, vyote viliondoka kimoja kimoja, na mzigo ukahamia kwa baba na mama.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalichukua njia nyingine. Tanzania iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, kwa Sheria Na. 9 ya 2004, na bodi ikaanza kazi Julai 2005. Pesa ya kujikimu inayotoka huko vijana wa Dar es Salaam huiita bumu, na siku linapotoka utaijua kwa foleni za chipsi. Ni mkopo, si zawadi. Ukipata ajira, asilimia 15 ya mshahara hukatwa, kiwango kilichopandishwa 2016 kutoka asilimia 8. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya deni livimbe kila mwaka, ilifutwa 2021, na kelele za wadaiwa zilikuwa na mchango wake katika hilo.

Je, wajua HESLB humtambuaje maskini? Kwa karatasi. Yatima hupeleka vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mwenye ulemavu hupeleka uthibitisho wa daktari, na anayetoka kaya maskini inayosaidiwa na mfuko wa serikali, TASAF, hutaja namba yake. Aliyezikwa baba yake kijijini bila cheti cha kifo huwa yatima mbele ya jirani zake wote, ila si mbele ya bodi. Kwa mkoa kama Tanganyika wa Kongo, ambako vita vya Watwa na Waluba tangu 2013 viliwafukuza watu wengi makwao bila hata shuka, mtu angefikiria vizuri kabla ya kuiga mfumo wa kudai vyeti.

Kenya ilianza mapema zaidi. Mfuko wa mikopo kwa Wakenya wanaokwenda kusoma ng'ambo ulikuwapo tangu 1952, wakati wa mkoloni, na HELB ya leo iliundwa kwa sheria ya 1995. Shule ya sekondari nayo ina mpango wake unaojulikana, Wings to Fly, ulioanzishwa 2010 na taasisi ya Benki ya Equity pamoja na Mastercard Foundation. Taasisi hiyo ya pili ndiyo iliyotenga dola milioni 500 mwaka 2012 kuwasomesha vijana wa Afrika wenye vipaji na wasio na uwezo.

Lakini hakuna msafara wa bourse uliobaki midomoni mwa watu kama ule wa Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya. Septemba 1959 ndege ya kwanza ilitua New York na wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki. Mboya alikuwa amezunguka Marekani akiomba vyuo vitoe nafasi na watu mashuhuri watoe nauli. Mchezaji Jackie Robinson, mwigizaji Sidney Poitier na mwimbaji Harry Belafonte waliunga mkono. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Katika msafara wa mwaka huo alikuwamo binti wa Nyeri, Wangari, ambaye baadaye tulimwita Maathai na dunia ikampa Nobeli. Kumbuka vyuo vilitoa masomo, ila vijana wangebaki nyumbani kwa kukosa tiketi. Nauli ndiyo iliyotafutiwa harambee.

Je, wajua kwamba Sorbonne, jina ambalo wasomi wa Kifaransa hulitamka kwa heshima, ilianza kama makao ya wanafunzi maskini? Robert de Sorbon, mwenyewe mtoto wa watu wa chini, aliianzisha Paris 1257 kwa ajili ya vijana wa theolojia wasio na pa kulala. Harvard ilipokea zawadi yake ya kwanza ya kumsomesha mwanafunzi asiye na uwezo mwaka 1643: pauni 100 kutoka kwa mjane wa London, Ann Radcliffe, Lady Mowlson. Na huko Cairo, Al-Azhar iliwalaza na kuwagawia mkate wanafunzi wa nchi za mbali kwa mapato ya wakfu kwa karne nyingi. Kusaidia asiye na kitu kuna umri mmoja na vyuo vyenyewe.

Je, wajua kwamba Wamarekani waligundua mapema kuwa pesa peke yake haimfikishi mtoto wa maskini kwenye mahafali? Mwaka 1964 walianza mpango wa kuwaandaa wakiwa bado sekondari, 1965 wakaongeza wa kuwatafuta wenye vipaji, 1968 wakaongeza wa kuwashika mkono ndani ya chuo: mafunzo ya ziada, mshauri, mtu wa kukuonyesha fomu. Ilipokuwa mitatu waliiita TRIO, na jina limebaki ingawa mipango imezidi. Ruzuku yao kuu kwa wenye kipato kidogo, Pell, ilianza 1972 na hairudishwi. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395.

Hili linamhusu msomaji wa Kabimba kuliko linavyoonekana. Mwaka wa bajeti wa 2024 Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Mtoto wa ndugu yako aliyeko huko, akiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, anaweza kuomba ruzuku ya Pell kwa fomu ya FAFSA, na kujaza fomu hiyo hakulipiwi. Anayedai dola 200 akujazie anakuuzia maji ya ziwa.

Huko New York, vyuo vya jiji, CUNY, vilianza 2007 mpango uitwao ASAP. Waliwapa wanafunzi wa kipato kidogo mshauri wa kuonana naye mara kwa mara, msaada wa vitabu na kadi ya bure ya treni na basi. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango, wengine nje. Baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa ndani walikuwa wamehitimu, na asilimia 22 tu ya waliobaki nje. Kadi ya basi! Kwa Kalemie isome hivi: nauli ya boti au ya pikipiki, chumba, na mtu mmoja anayeuliza mbona hukuja interro, lile jaribio la darasani.

Je, wajua kwamba ng'ambo, kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa, na shule zake zilifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa? Kwa wakimbizi wanaotaka chuo kikuu kuna DAFI, mpango wa UNHCR ulioanza 1992 kwa pesa za Ujerumani na uliokwisha somesha zaidi ya watu 20,000 duniani. Mwaka 2019 wakimbizi 3 tu kwa kila 100 walio na umri wa chuo walikuwa chuoni. Lengo ni 15 ifikapo 2030.

Msaada mwingine hauna ofisi wala nembo. Vikundi vya akiba na mikopo ambavyo mashariki mwa Kongo tunaviita AVEC, na Watanzania wana vikoba vyao, vinafanana na vile vya wanawake wa Niger vilivyoanzishwa 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Wanachama huweka kidogo kila wiki kwenye sanduku lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu, kisha hugawana mwisho wa mzunguko. Kina mama wajanja hupanga mzunguko uishe Septemba au Oktoba, frais zinapoanza kudaiwa. Wanaogawana Desemba hula sikukuu na kukopa Januari. Nimewahi kusikia wanaume wakiviita vikundi vya umbeya. Watoto wao wamesoma kwa umbeya huo.

Ratiba ya maji nayo ina neno lake. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Samaki wanahitaji pumziko hilo, sibishi. Ila anayeishi kwa ndagala na mikebuka, nyavu zake zikilala miezi mitatu kabla ya masomo kufunguliwa, afanye hesabu ya ada mwezi wa Machi.

Je, wajua kinachowaangusha wengi mwaka wa kwanza, hata waliolipiwa kila kitu? Kifaransa cha mhadhara. Mtoto aliyesoma maisha yake yote akifafanuliwa kwa Kiswahili hukaa ukumbini na wenzake mia tatu, profesa anaimla, naye anaandika nusu. Vitivo vya uhandisi vina mwaka wa maandalizi kwa ajili ya hesabu, prépolytechnique, kwa hiyo wazo la kumwandaa mwanafunzi kabla ya kumpima si geni nchini. Lugha haijapewa heshima hiyo. Jambo lenye bei nafuu kuliko yote lingekuwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa UNIKAL kurudi Kabimba likizo na kuwasomesha wa humanités ya nne wiki tatu: kuandika noti, kusoma swali la Exetat, kufungua barua pepe. Shirika la CAMFED, lililoanza na wasichana 32 Zimbabwe mwaka 1993 na sasa lipo Tanzania, limejengwa juu ya kanuni hiyo: waliosomeshwa hurudi shuleni kuwaongoza wadogo zao.

Mwisho, kwa aliye humanités ya nne mwaka huu. Kusanya sasa bulletin za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti na, kama mzazi amefariki, cheti cha kifo. Zipige picha zote kwa simu na ujitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe, si ya mwenye cyber. Taasisi za Ubelgiji kama ARES na VLIR-UOS hutangaza bourse zinazowafikia Wakongo, hasa walio na shahada ya kwanza, na tarehe zake za mwisho hazisubiri mega zako ziongezwe. Ukiambiwa utume pesa kwa simu ili jina lako liingie kwenye orodha ya bourse, usitume. Mpigie mwalimu wako.